Nelima na Klachi ya Gari la Maiti

Upande huu wa ziwa gari la maiti huwa haliharibiki. Lori la mchanga huharibika, trekta la miwa huharibika, na hata gari la polisi limewahi kuonekana pale Ahero likisukumwa na watu liliokuwa limewakamata. Lakini gari lililobeba jeneza likisimama njiani, hakuna anayefungua boneti. Marehemu amekataa. Kinachobaki ni kujua amekataa nini: njia aliyopitishwa, suti aliyovishwa, mtu fulani aliyekaa kiti cha mbele kana kwamba hakugombana naye mwaka jana, au dereva.

Nelima alikuwa dereva.

Alikuwa mwanamke mfupi kutoka Bungoma, mwenye mabega ya mtu aliyebeba maji tangu utotoni na mikono midogo isiyolingana na mabega hayo. Alikaa Nyalenda, nyumba ya chumba kimoja kwenye ploti yenye mfereji mmoja na maoni mengi. Udereva alifundishwa na baba yake, mzee Wepukhulu, aliyekuwa akiendesha lori la mahindi na asiye na mtoto wa kiume wa kumfundisha. Kazi ya gari la maiti aliipata kwa njia ambayo watu wengi hupata kazi zao: mwenye kazi hakutokea. Siku hiyo Nelima alikuwa ameleta viti kwenye pikapu ya Bwana Nicodemus, ambaye hukodisha hema, viti, spika, masufuria, jenereta na gari la maiti; yaani kila kitu kinachohitajika mtu akifa isipokuwa machozi, ambayo familia huja nayo. Dereva wa gari la maiti alikuwa amelewa hadi akalala kwenye mojawapo ya viti. Nicodemus alimtazama yule, akamtazama Nelima, akatupa funguo.

Tangu hapo aliendesha vizuri kuliko wote waliomtangulia. Hakupiga breki za ghafla. Hakuweka redio. Wafiwa wakilia alipunguza mwendo bila kuambiwa, na wakianza kugombana alipiga honi kidogo, kana kwamba kuna mbuzi barabarani, wakanyamaza ili wamtazame mbuzi. Huu ni ustadi ambao haufundishwi popote.

Tatizo lilitokea mwezi uliopita kule Seme. Pedali ya klachi ilikuwa imelegea. Ulikuwa unaikanyaga hadi sakafuni na bado gia zinasaga meno zikikataa kuingia. Kwenye lango la boma, mbele ya umati wenye matawi mikononi, gari likazimika. Nelima akaliwasha, likazimika tena. Shangazi mmoja akatangaza kwamba marehemu hajawahi kuendeshwa na mwanamke maisha yake yote na hawezi kuanza leo. Wakamtoa Nelima kwenye usukani, wakamwingiza mwanamume aliyevaa miwani ya jua. Naye gari likamzimikia. Wakasema marehemu bado ana hasira.

Jumatatu Nicodemus alimwita.

"Nelima, mimi mwenyewe hayo maneno siamini," alisema. "Lakini wateja wangu wanaamini, na mimi naamini wateja."

"Bosi, ni klachi. Nilikwambia klachi imelegea."

"Inawezekana ni klachi. Lakini wale watu hawakuzika klachi." Akapangusa uso. "Sikiza, mama. Akikataa mwingine, usukani nampa Griffins. Utarudi kwa viti."

Griffins alikuwa mpwa wake. Aliendesha pikapu ya hema kana kwamba wafu wamechelewa kwenye mazishi yao wenyewe.

Basi Alhamisi Nelima aliomba gari, akaenda nalo nyumbani. Fundi wa Nicodemus alikuwa amekataa kulishughulikia. Hakuwa mwoga, alieleza. Ila kurekebisha pedali kunataka ulale chali ndani ya gari, na kulala chali ndani ya gari lile ni kazi ya abiria.

Kuegesha gari la maiti uani Nyalenda si jambo dogo. Jirani yake Akello, aliyekuwa akikaanga samaki mlangoni pake, alisimama na mwiko mkononi.

"Nyar Bungoma!" Hivyo ndivyo alivyomwita, binti wa Bungoma, kama watu wa huku wanavyomwita kila mwanamke kwa jina la kwao. "Umetuletea nani?"

"Hakuna mtu. Liko tupu."

"Tupu leo. Kesho? Wateja wangu watasema samaki wa Akello wamekuja na hiyo gari."

"Waambie wamekuja na barafu. Hiyo si ni sifa?"

Akello alifikiria, akaona kuna ukweli, akarudi kwenye karai lake.

Nelima alitoa zulia la miguuni, akatandika gunia sakafuni, akaingia kwa mgongo hadi kichwa kikawa chini ya usukani na miguu ikabaki nje ya mlango. Juu ya uso wake pedali ilining'inia. Nyuma yake kulikuwa na fimbo fupi ya chuma yenye uzi kama wa skrubu, na juu ya fimbo hiyo nati ya kuikaza isizunguke. Hapo ndipo kazi yote ilipo. Unalegeza nati. Unaizungusha fimbo kwa koleo. Ukiirefusha, pedali inashika kazi mapema. Ukiifupisha, inachelewa kushika. Kisha unakaza nati, unaomba Mungu.

Ila usiirefushe mno. Pedali lazima ibaki na mchezo, yaani ishuke kidogo bure kabla ya kusukuma chochote. Isipokuwa na mchezo, hata ukiinua mguu klachi inadhani bado umeikanyaga, inashika nusu nusu, inateleza na kuungua. Mzee Wepukhulu alikuwa akisema jambo hilo kwa sauti ile ile aliyotumia kuombea chakula. "Mchezo uwe gumba moja, mama. Gumba moja tu. Kuzidi, gia zitasaga. Kupungua, utanuka moshi."

Nelima alizungusha fimbo kidogo, akasukuma pedali kwa kiganja mpaka akahisi uzito, akapima kwa upana wa gumba. Bado. Akazungusha tena. Wakati huo mama mmoja aliyekuwa akitoka mferejini na mtungi kichwani alikunja kona, akaona gari la maiti lililofunguliwa mlango na miguu miwili inayochezacheza ikijaribu kutoka. Mtungi ulianguka. Mama alifika kwa Akello kabla ya maji.

"Usiogope," Akello alimwambia bila kugeuza uso. "Huyo ni wetu. Ako hai. Samaki je?"

Mwishowe mchezo ulikuwa gumba moja kamili, gumba la Nelima. Akakaza nati, akajivuta nje, akalizungusha gari kwenye vichochoro. Gia ziliingia kama kisu ndani ya parachichi lililoiva. Akarudi akiwa na masizi puani na furaha ya mtu aliyeokoa kazi yake kwa spana moja.

Kesho yake alimbeba Fabian Amolo, bwana shamba mstaafu, kutoka mochari ya mjini hadi kwake, juu ya mlima unaopanda kutoka upande wa Pap Onditi. Kiti cha mbele alikaa kaka mkubwa wa marehemu, Mzee Zadock, mtu mrefu mwenye mikono kama makasia, ambaye tangu Kisumu hakusema neno. Nyuma, kando ya jeneza, alikaa dada yao Dolphine, aliyesema maneno ya wote wawili. Nyuma kabisa, kwenye pikapu ya hema, alifuata Griffins.

Jambo lililomsumbua Nelima ni kwamba Mzee Zadock alikuwa akimtazama miguu. Hakutazama barabara, wala mashamba ya mpunga. Alitazama miguu yake, Ahero yote na Katito yote. Nelima aliivuta sketi chini, akajiambia huyu naye anatafuta sababu. Ikifika saa ya kusema mwanamke hawezi, yeye atakuwa wa kwanza.

Pap Onditi umati ulikuwa ukingoja. Inafaa kueleza hapa kwamba magari ya maiti ya huku hayafi kwa ubovu wa barabara. Hufa kwa heshima. Marehemu hafikishwi nyumbani mbio. Anaingia sokoni kwa mwendo wa mguu, waombolezaji mbele na ubavuni, matawi hewani, honi ikilia mfululizo, na anasimama kila mahali alipokuwa na rafiki, mteja au adui wa maana. Fabian alikuwa bwana shamba mwenye maneno. Alikuwa na hao wote. Kwa mwendo ule mguu wa dereva hauwezi kutoka kwenye klachi. Nusu chini, nusu juu, sogea, simama, sogea. Na chuma kikipata moto huvimba, na ule mchezo mdogo wa pedali huzidi kuwa mdogo.

Walipoanza kupanda mlima, Nelima alisikia kitu ambacho hakutaka kusikia. Injini ilipandisha sauti lakini gari halikupandisha mwendo. Akaongeza mafuta, injini ikanguruma, gari likawa kama mtu anayekubali kila unachosema na hafanyi hata kimoja. Kisha ikaja harufu, kali, kama ya kamba ya katani iliyotupwa motoni. Gari lilisimama katikati ya mlima. Akavuta breki ya mkono, mtu akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, na nyimbo zikakatika.

"Amekataa," sauti moja ilisema, karibu kwa kuridhika.

"Amekataa!" umati ukaitikia.

Dolphine aliteremka akiwa ameshika kichwa. "Nilijua! Fabian hakuwa mtu wa kuendeshwa na mwanamke! Mimi dada yake nilinunua pikipiki, alipanda? Alitembea! Alitembea mpaka kwa daktari wa miguu!"

"Nani alileta dereva mwanamke?" mtu aliuliza.

"Si huyo ndiye yule wa Seme?"

Nelima alibaki ameshika usukani. Neno Seme lilikuwa limefika mbali kuliko alivyodhani. Kwenye kioo cha pembeni alimwona Griffins akipanda polepole, mikono mifukoni, uso umepangwa vizuri kwa huzuni.

"Madam," Griffins alisema dirishani, "pole sana. Si makosa yako. Ni mambo ya mila tu. Teremka nikusaidie."

Kuteremka kulikuwa rahisi; kurudi ndiko kusingewezekana. Alijua akiacha kiti kile mbele ya watu wale, kesho atakuwa akihesabu viti vya plastiki. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa cha mlango aliposikia mlango wa upande wa pili ukifunguliwa.

Mzee Zadock alijikunjua kutoka kwenye gari, sehemu baada ya sehemu. Alizunguka mbele taratibu, akasimama, akanusa hewa. Akanusa tena, kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. Kisha akainua mkono wake mkubwa na umati ukanyamaza.

"Mnapiga kelele za nini? Ndugu yangu ana neno. Nitaongea naye mimi. Wewe kijana," akamwambia Griffins, "rudi kwa hema zako. Na dereva asitoke. Fabian amesimama naye hapa, ataondoka naye hapa."

Hakuna aliyebisha. Kuzungumza na marehemu aliyekataa ni haki ya mkubwa wake, na Zadock ndiye aliyekuwa mkubwa. Alikuja hadi mlango wa dereva, akaufungua, akainama kana kwamba anatafuta sikio la marehemu. Sauti yake ilishuka hadi ikawa ya Nelima peke yake.

"Harufu hii naijua. Mimi nimeendesha lori la miwa mpaka goti likaisha. Tangu Kisumu naona mguu wako. Ukikanyaga hivi tu, pedali tayari imeshika. Nani aliikaza?"

"Ni mimi, Mzee. Jana, nyumbani."

"Uliiachia mchezo kiasi gani?"

"Gumba moja. Ndivyo baba alinifundisha."

"Gumba la nani?"

Nelima alifungua mdomo kujibu, kisha akatazama gumba lake. Lilikuwa gumba zuri, dogo, safi kwa kadiri ya kazi yake. Akatazama lile la Mzee Zadock lililoshika mlango, pana kama kijiko cha ugali. Ghafla alikumbuka mkono wa baba yake: mkono ulioweza kufunika uso wake wote alipokuwa mtoto.

"Yesu wangu," alisema.

"Yesu mwache kwanza. Spana iko?"

Ilikuwa chini ya kiti, pamoja na koleo. Nelima alijilaza chali kwenye sakafu ya gari, mbele ya kijiji kizima. Watu wa nyuma waliona dereva ametoweka kwenye kiti na wakachukulia kwamba amepiga magoti. Mzee Zadock aliegemea mlangoni akaziba nafasi yote kwa koti lake, akaingiza mkono mmoja hadi kwenye pedali, akageuza uso kwenye jeneza na kupaza sauti.

"Fabian! Omera, ndugu yangu! Ni mimi Zadock!"

"Sikia ndugu yako!" umati ulisema.

"Najua umekazwa. Umekazwa sana, ndugu yangu. Hata mimi ningekazwa hivyo nisingetembea. Legeza! Legeza kidogo!"

Chini, nati ililia ikakubali. Nelima akashika fimbo kwa koleo.

"Usiende kwa mkono huo! Huko ni kubaya zaidi! Rudi kwa mkono mwingine!"

"Rudi, Fabian!" Dolphine alilia. "Rudi kwa mkono mwingine!"

"Pole pole. Hivyo. Ongeza. Ah-ah, usizidishe, ulikuwa mtu wa kiasi!"

Wazee waliokuwa karibu walitikisa vichwa. Walikuwa wamesikia watu wakizungumza na marehemu maisha yao yote, na walikubaliana baadaye kwamba hawajawahi kusikia aliyezungumza kwa ufundi kiasi kile. Gumba la Mzee Zadock lilikaa kando ya pedali, jeusi, lenye kovu, halitikisiki. Nelima alisukuma kwa kiganja. Pedali ikashuka bure, ikashuka, na palipoishia upana wa gumba lile ikakutana na uzito wake.

"Hapo hapo!" mzee alinguruma. "Baki hapo hapo!"

Nelima akakaza nati kwa nguvu zote za mabega yake.

"Sasa ipoe," Zadock alinong'ona. "Ukiwasha saa hii utaimaliza. Kaa kitini, shika usukani, inamisha kichwa. Kupoa niachie mimi."

Na kweli Nelima alimwachia. Mzee alisimama wima akamweleza Fabian maisha ya Fabian. Alianza na fahali aliyemtupa mtoni, akaja kwenye redio aliyoinunua na kuwanyima wengine betri, kisha mbegu za mtama alizolazimisha kijiji kizima kupanda, zikaliwa na ndege, na mwaka uliofuata akalazimisha tena, zikawalisha watu wakati wa njaa. Umati ulicheka, kisha ukalia, kisha ukacheka ukilia. Kila baada ya kisa kimoja mzee alisogea kwenye gurudumu la mbele, akanusa, akaona bado, akaanza kingine. Alipofika kwenye harusi ya Fabian, sauti yake ilipasuka, na Nelima, kichwa kikiwa kimeinama, alielewa kwamba kwa muda sasa mzee hakuwa akiisubiri klachi peke yake.

Hatimaye Zadock alipiga mlango kwa kiganja. "Twende."

Nelima aliwasha. Alikanyaga, akaingiza gia ya kwanza, akainua mguu taratibu huku akitoa breki ya mkono. Kwa pumzi moja gari halikufanya lolote. Kisha likashika. Lilisogea mbele kwa utulivu, jiwe likabaki nyuma, na vigelegele vikapanda mlima pamoja nalo hadi bomani.

Jioni, kabla jua halijatua, watu walipokuwa wakila chini ya hema za Griffins, Dolphine alimtafuta Nelima hadi akampata akiosha vioo vya gari.

"Nyar Bungoma. Mimi nimesema maneno mabaya kule chini."

"Mama, ulikuwa na uchungu."

"Nilikuwa na uchungu na makosa pia. Wewe ulikaa. Mwingine angeshuka. Fabian alikuwa anataka mtu wa kumngojea amalize maneno yake, na maisha yake yote hakumpata." Akapangusa pua. "Nimeshampigia huyo Nicodemus wako. Nimemwambia siku yangu ikifika, niendeshwe na huyu huyu. Akinileta na yule kijana wa mbio, nitakataa kuanzia mochari."

Nicodemus, anayeamini wateja, alimpigia Nelima simu kabla sahani hazijakusanywa, akamweleza kwamba yeye binafsi hakuwahi kuwa na wasiwasi. Pia alimwambia amwache Griffins arudi na viti.

Mzee Zadock alikuwa ameketi peke yake kando ya ghala, goti bovu amelinyoosha. Nelima alimpelekea chai kwa mikono miwili.

"Asante, Mzee. Umeniokolea kazi."

"Mimi? Mimi nilikuwa naongea na ndugu yangu." Akanywa. "Wewe ndiye ulikuwa chini."

"Mzee, nisaidie kitu kimoja tu. Nipe gumba lako."

Zadock hakuuliza sababu. Alilinyoosha juu ya goti. Nelima aliokota kipande cha mti kwenye vigogo vya kupikia, akakiweka kando ya gumba, akakikata kwa kisu pande zote mbili, akapima tena, akakwangua kidogo, mpaka viwili vikalingana kabisa.

Jumapili alasiri, baada ya kanisa, Akello alimkuta amelaza tena mgongo kwenye gunia akikagua pedali, miguu nje ya mlango. Safari hii mama wa mtungi alipita bila hata kuinua macho.

"Na hiyo?" Akello aliuliza, akiokota kipande cha mti kilichokuwa juu ya kiti. "Hii kijiti ni ya nini?"

"Weka chini hiyo, Akello. Hiyo ni gumba la Mzee Zadock."

Akello alikirudisha kitini haraka sana, kwa ncha za vidole, akafuta mkono kwenye leso na kurudi kwenye samaki wake.